Kiboko Alipofanywa Lango la Ndiva

Paukwa!

Pakawa!

Walio mbele na walio nyuma?

Sote twasikia!

Hapo zamani za kale, wanyama wa mlimani walifanya msaragambo, kazi ya wote kwa faida ya wote. Waliokuwepo ni hawa. Alikuwepo Tembo, aliyeng'oa visiki. Alikuwepo Mhanga, fundi wa kuchimba. Alikuwepo Ngiri, aliyesukuma udongo kwa pua. Alikuwepo Nambua, digidigi. Msimwite paa, paa ni mwingine. Nambua alikuwa na mimba, akabeba kokoto kwa mdomo, moja moja. Alikuwepo Kiboko, aliyefika chakula kikipakuliwa. Na alikuwepo Shashi, yule ndege anayekula kupe migongoni mwa wakubwa.

Walichimba mfereji kutoka kwenye chemchemi. Njiani wakachimba ndiva, bwawa la kukusanyia maji usiku, ili asubuhi lango lifunguliwe na maji yateremke, shaaa, mpaka kwa mnyama wa mwisho. Wa mwisho alikuwa Nambua.

Lakini lango la magogo lilivuja. Chururu, chururu. Kiboko akasema, "Ndugu zangu, mnahangaika na magogo, na mimi nipo?" Akaingia ndivani, akakalia tundu. Tapwi! Halikupita hata tone.

Wakapiga makofi. Mhanga peke yake alitikisa kichwa. "Mababu walikataza. Mshika lango haogi ndivani."

"Mzee, ya mababu waachie mababu," alisema Ngiri. "Umeona tone?"

"Sijaona."

"Basi kaa."

Ili roho zitulie, wakamchagua Shashi awe mwangalizi wa Kiboko. Wakasahau jambo moja tu: hawakumpangia chakula.

Kiangazi kikaja. Nambua alikwisha kuzaa mwana, jina lake Mbonea. Chemchemi ilitoa maji kama siku zote, lakini huku chini hayakufika. Nambua akapanda, akapanda, mpaka ndivani. Akamkuta Kiboko amejilaza, maji yamemfika masikioni.

"Shikamoo, Bwana Kiboko. Maji hayatufikii."

"Marahaba, binti yangu. Kuinuka ni kazi. Lete majani kidogo nipate nguvu."

Akaleta majani. Kiboko akajiinua kidogo, shaa, akakaa tena. Tapwi!

Kesho yake majani yale hayakutosha. Kisha Kiboko akatangaza, "Jamani, maji yamekuwa haba. Tutende haki. Atakayeleta chakula kingi kuliko wenzake, huyo ndiye nitakayemwinukia."

Haba! Na yeye yanamfurika mbavuni! Kadiri alivyokaa, ndivyo maji yalivyopungua mferejini. Kadiri yalivyopungua, ndivyo walivyomletea zaidi. Tembo akaleta miwa. Ngiri akaona, akaleta viazi. Tembo akarudi na migomba mizima. Wakashindana wao kwa wao, Kiboko akitafuna. Aliyeshinda aliyachepusha maji yote kwake. Nambua, na kile kinywa chake kidogo, angeshindana na nani?

Akamwendea Shashi. Shashi alikuwa palepale, juu ya mgongo wa Kiboko, akidonoa.

"Kaka Shashi, si wewe mwangalizi?"

"Ndimi. Naangalia kila siku." Do! Do! Akameza kupe. "Lango ni zima. Maji yamo. Kiboko ana afya."

"Mwanangu anakauka!"

"Pole, dada. Hilo liko chini. Mimi nimewekwa juu."

"Shuka basi, uone."

"Nikishuka, nitakula nini?"

Nambua akageuka, akarudi nyumbani. Mbonea hakusimama kumpokea. Alinyanyua kichwa tu.

"Mama, yaja?"

"Yaja, mwanangu."

Alfajiri Nambua akasimama ndivani, mbele ya wanyama waliopanga foleni na mizigo yao.

"Aibu!" alipaza sauti. "Mnanunua mlichochimba wenyewe! Tembo, visiki vile uling'olea nani? Mwogaji tumemfanya mfungaji! Mwangalizi tumemwacha alishwe na anayeangaliwa! Kisha tunaulizana maji yako wapi. Yako pale! Yamekaliwa!"

Kiboko akacheka, maji yakatoa mapovu. "Kadigidigi haka! Kelele kubwa kuliko tumbo."

Tembo akatua migomba yake. "Mimi maji nimeyapata," alisema polepole, "na nimechoka kuliko siku ya msaragambo." Akapenyeza pembe zake chini ya Kiboko. Ngiri akasukuma kwa nyuma. Harambee! Hoo! Kiboko akabingirika kama pipa. Shashi akaruka, "Chii! Chii! Taratibu haikufuatwa!"

Shaaaa! Maji yakateremka. Nambua akakimbia ukingoni, akishindana nayo.

Tangu siku ile lango ni jiwe. Hulifungua Mhanga, ambaye hunywa chemchemi ya ng'ambo na hana maslahi na ndiva. Mwangalizi hulishwa na wote, kwa zamu, na kila asubuhi hushuka mpaka mwisho wa mfereji. Kiboko yuko mtoni, anaoga bila kumkalia mtu.

Basi, wakubwa kwa wadogo, shikeni hili: njia ya maji ya wote haikabidhiwi mwenye tamaa nayo, na mwangalizi asilishwe na anayeangaliwa. Hadithi yangu imeishia hapo, pale mfereji unapoishia.

Na Mbonea, je?

Mbonea alikufa alfajiri ile, kabla maji hayajafika.