Uso wa Tajiri Kwenye Jezi

Hebu waza uwanja uliofungwa kufuli, na watoto nje wamekumbatia mpira. Tajiri Mbaruku aliapa hafungui mpaka jezi zao ziwe na uso wake. Akaenda kwa Bi Kidawa, fundi cherehani.

“Nikichapa kwa rangi, picha inatosha, ila hufifia,” alisema Bi Kidawa. “Nikibandika kwa pasi, hubanduka. Tarizi hudumu, lakini itabidi ukae nikutazame.”

“Tarizi, fundi. Mimi si wa kufifia.”

“Basi vua koti, shingo ionekane.” Akalitundika dirishani. “Usigeuke, pua itapinda.”

Tajiri akatulia tuli. Punde kipenga kikalia uwanjani.

“Nani kafungua?”

“Usigeuke, tajiri. Ndiyo kwanza nimefika puani.”

Nawe, mwanangu, kumbuka jambo moja tu: ufunguo ulikuwa mfukoni mwa koti.