Mkanda wa Laur

Kijiji cha Soosaare kilikuwa kama kisiwa katikati ya vinamasi na misitu ya misonobari. Majira ya baridi yalipoingia, hapakuwa na njia ya kutoka ila juu ya barafu. Theluji ikishatanda, hakuna aliyethubutu kulitaja jina la mbwamwitu, kwani kulitaja ni kumwita. Watu walisema "Mjomba" tu. Mjomba amepita kisimani. Mjomba amelia upande wa kaskazini. Watoto walijua adabu hiyo kabla hawajajua sala.

Lilikuwapo jambo jingine ambalo kila mtu alilijua, ingawa hawakulitamka mbele ya kasisi. Miongoni mwa wajomba hao alikuwamo Laur, mgane aliyeishi na binti yake Viiu katika nyumba ya mwisho kabla ya msitu. Laur alikuwa na mkanda wa ngozi aliourithi kwa mama yake. Akiufunga kiunoni, alitoka mlangoni mtu, akaingia msituni mnyama. Kila majira ya baridi alichukua kondoo mmoja kwa zamu, mwaka huu nyumba hii, mwaka ujao nyumba ile, na zamu ilikuwa imeanzia kwenye zizi lake mwenyewe. Mwenye zamu aliliacha zizi bila komeo, akajifungia ndani, asichungulie. Kondoo yule Laur aliwapelekea wenzake wa msituni, na kundi zima, lililomtii kama mbwa wanavyomtii mchungaji, halikugusa zizi jingine mpaka majani yaote. Vijiji vya ng'ambo ya kinamasi vililia kila mwaka. Soosaare ililala usingizi.

Viiu alikuwa amezoea kumpokea baba yake akirudi ametota theluji, hana sauti. Alimvua viatu, akamkanda vidole, akamwekea supu ya kabichi karibu, akangoja maneno yamrudie.

Mwaka ule zamu iliangukia kwa Mats, mwenye mali kuliko wote kijijini. Mats alikuwa amejipatia dume la kondoo lenye sufu laini kama hariri, na mwanawe Hendo alikuwa amemchumbia Viiu. Akaja kwa Laur, akakaa bila kuvua kofia.

"Mjomba gani huyu," alisema, "kila mwaka anakuja kula, hata siku moja hajaja na zawadi?"

"Zawadi ni wale kondoo waliobaki, Mats," Laur alimjibu taratibu.

Akamwambia kwamba kama ni dume lile linalomuuma, atatoa jike lake badala yake. Mats akatikisa kichwa. Haikuwa habari ya dume peke yake. Ama mkanda uchomwe, ama Hendo atafutiwe mke kwingine.

"Sitaki wajukuu wenye mikia," alisema.

"Walioko msituni nawajua, nao wananijua," alisema Laur. "Nikitoka kati yao, hawatakuwa na wanayemjua hapa."

Mats alisema ana bunduki, ana mbwa, na kasisi yupo. Akaenda zake.

Viiu alikuwa pembeni akifuma, na yote aliyasikia. Aliendelea kufuma glavu za sufu ambazo bibi harusi huwagawia jamaa za mume, lakini machozi hayahitaji mkalimani; yalidondoka juu ya sufu, na Laur aliyaona.

Siku ya kupika pombe ya harusi, wanawake walikuwa uani kwa Mats wakichochea moto chini ya pipa la shaba. Laur akaja, mkanda mkononi. Viiu akamkimbilia, akamshika mkono.

"Baba, rudi nao nyumbani. Nitakaa bila mume."

"Mama yako alinikubali mimi na mkanda wangu," alisema Laur. "Wewe si lazima uolewe nao."

Akautupa motoni. Mkanda ulijikunja kama kitu chenye uhai, na harufu ya manyoya ikatapakaa uani. Mtu mmoja akatania kwamba pombe ya mwaka huu atakayeinywa atabweka, na watu wakacheka. Laur naye alicheka, lakini alikuwa ameshika fito za ua kwa mikono miwili, na Viiu akaona amezeeka ghafla, kama nyumba iliyong'olewa nguzo ya kati.

Harusi ikafanyika. Mats akalitia zizi lake komeo la chuma.

Wajomba hawakungoja zamu ya mtu. Walilivunja zizi la Mats mchana kweupe, wakaua kondoo wote na kula wachache. Dume lile lilikutwa limelala, koo wazi, sufu yake nzuri haijaguswa. Kisha likafuata zizi la pili, kisha mbwa, kisha ndama. Bunduki ya Mats ilitisha kunguru tu.

Nyasi za mifugo zilipokwisha, Hendo alikwenda na kijigari cha theluji kwenye banda la nyasi lililo ng'ambo ya kinamasi. Farasi alirudi peke yake, akiburuta hatamu. Viiu aliwapitia wanaume mlango kwa mlango, akiwaomba wakamtafute. Kila mmoja alitazama theluji. Mats mwenyewe alisema wangoje kesho, watu wa kasri la bwana mwenye ardhi waje na bunduki zaidi. Viiu akamwendea baba yake.

Laur alikata kipande cha mkate mweusi wa nafaka ya rai, akakichoma kwenye ncha ya kisu, kama desturi ilivyo. Mkate wa namna hiyo humrudishia mnyama kumbukumbu ya binadamu.

"Labda wananikumbuka," alisema.

Alimwacha Viiu kwenye ua wa mwisho, akatembea peke yake hadi ukingo wa msitu. Wakatoka. Laur aliwaita mmoja mmoja kwa majina ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Jike mzee akasogea, akanusa mkate, akanusa mkono, akanusa kiuno pale mkanda ulipokuwa ukikaa. Akasimama kitambo, na Viiu akadhani wamepona. Kisha jike akarudi nyuma, akawatazama wenzake kama mtu aliyeulizwa habari za mgeni.

"Ni mimi," Laur alisema.

Hakupiga kelele. Viiu hakupata cha kuzika.

Kesho yake watu wa kasri walimkuta Hendo bandani juu ya nyasi, mlango ameufunga kwa ndani, mwili hauna hata mkwaruzo. Baridi ilikuwa imemgandisha kama gogo.

Barafu ilipoyeyuka, Soosaare ilianza kuhama. Mikokoteni ilitoka mmoja mmoja, mingine ikivutwa na watu wenyewe. Mats akaja kwa Viiu, aliyekuwa amerudi nyumbani kwa baba yake, kofia mkononi.

"Mkwe, bibi yako hakuacha mkanda mwingine?"

"Hakuacha."

"Kondoo mmoja," alisema Mats. "Kondoo mmoja kwa mwaka, nami nikaona ni wengi."

Viiu alimaliza kufunga vyombo vyake, akafuata njia waliyopita wengine, na nyuma yake hapakubaki mtu wala mfugo. Huo ndio urithi wa Laur: kijiji kitupu, na watu wachache walioamini, wakiwa wamechelewa, kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha.