Ndama Aliyelambwa Ukutani

Hapo zamani, huko milimani, na mwenye haraka aondoke sasa maana mwisho wa hadithi hii utamuudhi kama unavyoniudhi mimi, aliishi mchoraji jina lake Namkunda. Hakufundishwa na mtu. Alichora wanyama kwa masizi, chokaa na udongo mwekundu, akivishikiza kwa gundi ya vipande vya ngozi alivyovichemsha mwenyewe. Kabla ya kuchora alikaa na mnyama kimya, hata siku nne, mpaka mnyama amzoee na sikio lake liache kumfuata. Alikwisha kuchora ng'ombe wa kijiji kizima. Yeye mwenyewe hakuwa na hata kuku.

Ikawa Madoa, ng'ombe wa Mzee Mbonea, amefiwa na ndama. Akayazuia maziwa, kiwele kikavimba, kisu kikaanza kunolewa. Mzee Mbonea akatangaza, "Atakayemfanya Madoa ashushe maziwa, ndama atakayefuata ni wake."

Namkunda akasema atamchora ndama aliyekufa kwenye ukuta wa zizi. Hakuwahi kumwona, basi nyumba nzima ikageuka walimu. Huyu anasema alikuwa mweupe usoni, yule anasema mweupe wapi, alikuwa mwekundu. Senkondo mkamuaji, mtu asiyejua nukta, akaanza na ukoo wa ndama tangu bibi yake.

"Bwana Senkondo," Namkunda akasema, "nimekuja kukaa na ng'ombe, sikuja harusini. Nyamaza au niondoke."

Senkondo akanyamaza. Wakakaa siku sita bila neno. Namkunda hakumtafuta ndama midomoni mwa watu. Alitazama Madoa anatazama wapi. Kila mara Madoa aligeuza shingo kwenye kona ileile, chini, kimo cha goti. Siku ya sita sikio lake likaacha kumfuata Namkunda, naye akachora palepale. Ngozi za gundi zilikuwa zimemwishia, akapewa kipande na Bi Nakijwa, dada wa Mzee Mbonea. Hakuuliza kimetoka wapi.

Asubuhi Madoa akaufuata ukuta, akanusa, akaanza kulamba. Maziwa yakashuka, Senkondo akakamua mpaka kibuyu kikajaa. Namkunda akabaki kutazama kazi yake ikilambwa kuanzia kwato hadi paji la uso. Likasalia sikio moja.

Kibuyu hakijafunikwa, ugomvi umeanza.

"Ile ngozi ni ya ndama wake," alisema Bi Nakijwa. "Niliikausha kwa mikono yangu. Madoa amemlamba mwanawe, hakulamba picha."

"Na mimi je?" alisema Senkondo. "Siku sita, mimi huyu, sikufungua kinywa. Mke wangu alidhani nimerogwa. Ng'ombe kapata utulivu kwa sababu yangu."

Namkunda akachoka nao. Akachora ndama mwingine kwa utomvu wa mti. Madoa akatazama, akatazama tena, hakutoa tone. Bi Nakijwa akatundika ngozi tupu. Madoa akanusa, akageuka. Senkondo akanyamaza peke yake, akaambulia teke. Mpaka ngozi, picha na kimya viliporudi pamoja, ndipo maziwa yaliposhuka, siku hiyo na siku zote zilizofuata.

Mwaka ukapita, Madoa akazaa ndama jike. Watu watatu wakafika zizini, kila mmoja na kamba yake.

"Bila ngozi yangu hakuna ndama," alisema Bi Nakijwa.

"Bila kimya changu hakuna ndama," alisema Senkondo.

"Ngozi ulikuwa nayo, ikakauka bure," alisema Namkunda. "Na wewe, kimya ulikipata kwangu. Nimechora ng'ombe wa watu maisha yangu yote. Wangu mimi ni sikio lililobaki ukutani?"

Mzee Mbonea akashika kichwa. Ng'ombe hagawanywi akiwa hai, na ahadi ilikuwa ya mtu mmoja. Wengine wakaendelea kubishana. Namkunda alikuwa ameshaketi chini kando ya ndama. Sikio la ndama lilimfuata kidogo, kisha likaacha.

Haya, ninyi mnaonikatiza tangu nianze, semeni sasa: je, ndama huyu afungwe kamba ya nani?