Nilisema Pita, Sikusema Nyanyua Tairi

"Laki tatu, afande? Laki tatu kwa tairi lililoruka shibiri mbili likarudi chini?"

"Laki tatu ndizo walizopigwa wenzako wawili wiki iliyopita, na aliyewapiga ni hakimu, si mimi. Mimi sipokei hata mia yako."

"Lakini sikuwa nacheza."

"Tairi haliinuki lenyewe, mdogo wangu. Ungepenya tu katikati ya magari ningekuandikia ile faini ndogo, ulipe, uende zako. Wewe umepenya, halafu ukanyanyua tairi la mbele mbele ya macho yangu. Hiyo ni michezo ya hatari barabarani. Hiyo inakwenda mahakamani, na pikipiki inalala kituoni."

"Kupenya nakubali. Niandikie, nitalipa. Kunyanyua sikunyanyua. Nilivutwa."

"Na nani?"

"Abiria."

Yule trafiki, mama mtu mzima, akatazama kulia, akatazama kushoto. "Yuko wapi huyo abiria?"

Ndugu zangu, naona mnatazamana, mnajiuliza mchungaji leo ametuletea kesi gani madhabahuni. Tulieni, niwaeleze.

Huyu bwana alikuwa dereva wa bodaboda, baba wa watoto wawili, na pikipiki ilikuwa ya mkataba. Mnaijua mikataba ya pikipiki. Unampelekea tajiri hesabu yake kila siku, jua liwake mvua inyeshe, mpaka siku ya mwisho chombo kinakuwa chako. Kwake yeye zilibaki wiki saba. Mwaka mzima na miezi yake ameimeza, zimebaki wiki saba. Pikipiki ikilala kituoni siku tatu, hesabu haiendi, na tajiri anaichukua ampe mwingine aanze upya. Sasa mnaelewa kwa nini mtu mzima alikuwa anabishana na trafiki?

Asubuhi ile ya Jumapili lori lilikuwa limekufa darajani. Foleni ikajaa kutoka sheli mpaka mtoni. Abiria wake alikuwa mtu wa heshima, suti ya kijivu, kila dakika anatazama saa.

"Penya hapo katikati," abiria akasema.

"Mzee, hapo pembamba."

"Wenzako mbona wanapita? Au nishuke nipande ya mwenzako?"

Hilo neno, ndugu zangu, linamchoma dereva kuliko fimbo. Akaingia. Aliingia polepole, miguu miwili inaburuta chini, huku fuso, huku basi. Walipofika ubavuni mwa fuso, fuso likasogea kidogo, na mkono wa suti ukagusa grisi. Abiria akashtuka, akajitupa nyuma, akamkamata dereva mabega kwa mikono yote miwili.

Kuna mwendesha pikipiki humu? Basi wewe unajua. Mkono wa kulia ndio ulioshika mafuta. Ukivutwa mabega kwa nyuma, mkono unakwenda na mwili, na mafuta yanafunguka. Uzito wote uko nyuma. Chombo kinanguruma, tairi la mbele linaaga ardhi. Na mbele ya fuso, hatua kumi tu, amesimama mama trafiki na daftari lake, analiona tairi tu, aliyekaa nyuma amefichwa na fuso.

Abiria akashuka. Akafuta mkono wa suti kwa kitambaa, akavuka barabara, akasimamisha bodaboda nyingine. Pole hakusema, nauli hakutoa.

"Ameondoka, afande," dereva akasema.

"Alikulipa?"

"Hapana."

"Basi hukuwa na abiria," akasema trafiki, na askari mwenzake akacheka. Lakini mama yule hakuwa mtu mbaya. Alimwona dereva anavyoing'ang'ania pikipiki yake, akashusha sauti. "Sikiliza. Mimi nipo zamu mpaka saa nane. Nenda kamlete kituoni. Akiandika maelezo kwamba alikushika mabega akakuvuta, nitakuandikia kupenya peke yake na pikipiki utaondoka nayo. Asipokuja, kesho Jumatatu tunaonana mahakamani."

Dereva alijua pa kumpata, maana si ndiye alikuwa anampeleka? Akaenda kwa miguu, jua la saa nne, kizibao chake cha kung'aa mwilini. Akafika mlangoni mwa kanisa. Mhudumu wa mlango akamtazama viatu, akamwambia asubiri nje, ibada inaendelea.

Akasimama dirishani. Na aliyeshika kipaza sauti alikuwa nani?

"Wapendwa," anasema mtu wa suti, "leo adui alitaka nisifike. Foleni ilikuwa ya kutisha. Lakini Bwana akasukuma magari huku na huku, akanifungulia njia katikati, nikapita." Kanisa zima likaitika, kina mama wakapiga vigelegele, mpiga kinanda akabonyeza kidogo.

Dereva akasubiri mpaka watu wakatoka.

"Shikamoo, mzee. Mimi ni yule wa pikipiki. Naomba twende kituoni, ni dakika kumi tu, uandike kwamba ulinishika mabega."

Mzee akatazama nani yuko karibu. Akaingiza mkono mfukoni. "Marahaba. Aa, nauli yako. Chukua elfu mbili, hiyo nyingine kunywa soda."

"Sitaki nauli, mzee. Nataka useme lililotokea."

"Kijana, mimi ni mtu wa watu. Nitaonekanaje kituoni siku ya Jumapili? Na wewe ulikuwa unapenya. Kupenya ni kosa."

"Nimeshakubali kosa la kupenya. Wewe ndiye uliyeniambia nipite."

"Nilisema pita. Sikusema nyanyua tairi." Kisha akamwekea mkono begani, bega lile lile, akasema, "Nitakuombea."

Saa nane ikafika, ikapita.

Naam, gunieni. Nawasikia mnavyoguna. Mnasema moyoni, mtu mbaya huyo, mnafiki, hafai. Nakubali, hafai. Sasa naomba mniambie jambo moja: waliopiga vigelegele walikuwa akina nani? Ni yeye peke yake? Kanisa zima lilimsikia mtu akisema amepita katikati ya foleni iliyofunga mji, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza amepitaje, na aliyempitisha yuko wapi. Ilikuwa humu humu, leo asubuhi, kabla ya ibada hii ya jioni: tulimfurahia mtu aliyefika. Aliyemfikisha tulimwacha dirishani kwa sababu ya viatu.

Mimi sikusoma vyuo, nasema ninavyoona. Ibada yetu inaanza saa tatu. Mnatoka nyumbani saa tatu kasoro dakika kumi, mnapanda bodaboda, mnamgonga dereva mgongoni, "Penya, penya, nimechelewa." Haraka ni yako, pikipiki ni yake, shingo ni yake, leseni ni yake. Likitokea la kutokea, unakumbuka kwamba kupenya ni kosa. Ulikuwa hujui wakati unamgonga mgongo? Na msidhani nasema pikipiki tu. Karani wako ofisini ulimwambia "malizia malizia, saini tutaweka baadaye", leo yuko mbele ya wakaguzi na wewe uko likizo. Fundi wako ulimwambia apandishe ukuta kabla zege halijashika, ukuta umepasuka, unamwita mwizi. Sisi ni hodari wa kushuka na kuvuka barabara.

Dereva yule alikuwa na kosa, naye alilitaja kwa kinywa chake, mbele ya askari, kabla hajabanwa. Sisi letu tumelitaja wapi? Tumelivalisha suti tukalipandisha madhabahuni, tukaliita muujiza.

Msije kwangu baada ya ibada mkaniambia mchungaji mahubiri yamegusa. Msiniletee sadaka ya shukrani kwa ajili ya neno la leo. Msiniambie mtamwombea. Maombi anayo, ana mke anayemwombea usiku na mchana. Yupo mtu humu ndani anayejua aliyemvuta mabega, na anajua kesi ni kesho saa tatu. Mtu yule anakudai maelezo yako, karatasi moja, na sahihi yako chini yake. Kituo kiko wazi sasa hivi. Nenda ukayaandike.