Kapu la Simu Mlangoni pa Mkutano

Njia ya jirani haipiti kwa mfalme. Mmemsikia yule mama muuza vitunguu akimtupia afisa maneno hayo, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza: mfalme yupi, na sisi hatuna mfalme? Haya, sogeeni. Methali hii ilianza hivi, na wala haikuanzia kwa mfalme wa kiti cha enzi. Ilianzia kwenye mkutano wa watafiti, watu wa shahada na suti.

Kwenye Mto Vumbwe palikuwa na vituo viwili vya kupima maji, kimoja mlimani na kimoja huku bondeni. Taasisi moja, mto mmoja, maji yaleyale. Lakini wakubwa walipanga kila kituo kipeleke vipimo vyake makao makuu, mjini, na kituo kingine kikivitaka kivingoje kutoka hukohuko. Mvua ikinyesha mlimani, maji yalifika bondeni kabla ya chakula cha mchana. Habari yake ilifika baada ya matanga.

Si mzaha. Huku bondeni palikuwa na binti, Nakijwa; mama yake alichukuliwa na mto huo akivuna vitunguu, jua linawaka, mbinguni hakuna hata wingu. Taarifa ya mafuriko ililetwa watu wakianua turubai la msiba. Tangu hapo mumewe, Mzee Senkondo, alimwita mkurugenzi wa taasisi ile Mfalme, na bondeni kote jina likashika. Shamba hakuliacha. Alibaki akilima palepale ukingoni, mgane mwenye mguu mmoja mbovu, kana kwamba anausubiri mto uje waonane tena.

Nakijwa alisoma, akawa mtafiti wa kituo cha bondeni. Elimu haikumtoa hofu. Kila asubuhi, kabla ya kumwamkia baba yake, aliyatazama maji kwanza. Kwa hiyo mkutano mkuu ulipoletwa bondeni, kwenye ukumbi ulio juu kidogo ya mto, aliandaa pendekezo la kikao: watafiti wa vituo vyote waunganishwe kwa mtandao wa kisasa, mitambo yao isomane, kipimo cha mlimani kionekane bondeni papo hapo. Mwenzake wa mlimani, Mndeme, alikubali waliwasilishe pamoja.

Sasa sikilizeni taratibu za wakubwa. Mwenye pendekezo sharti awemo ukumbini jina lake likiitwa; akikosekana, pendekezo linatupwa mpaka mwaka mwingine. Na simu zote ziachwe kwenye kapu mlangoni, maana Mfalme hakupenda simu zilie wakubwa wakisema.

Asubuhi ile Mndeme hakutokea. Nakijwa aliketi karibu na mlango, kapu analiona. Simu yake ilikuwa juu ya nyingine zote, kwa kuwa ndiye aliyeingia mwisho. Mfalme akafungua mkutano kwa hotuba ndefu kuhusu faida za ushirikiano.

Hotuba haijafika nusu, simu ile ikaanza kutetemeka. Ikanyamaza. Ikatetemeka tena, kapu zima likanguruma. Nakijwa akageukia dirisha. Jua lilikuwa linawaka, kama siku ile. Yangeyange, wale ndege weupe wanaoshinda ukingoni na ng'ombe, walikuwa wanaruka wote kwa pamoja kuelekea kilimani.

Akainuka nusu. Mama aliyeketi kando yake akamshika gauni.

"Kaa, mdogo wangu. Anayefuata ni wewe. Ukitoka, ndiyo basi tena."

Akatoka, akaichukua simu kapuni.

"Nimepiga mpaka nimechoka," Mndeme alisema, pumzi zinampaa. "Mto umeng'oa kipimo, umekata na barabara. Nimewapigia makao makuu, wananiambia wakubwa wote wako huko kwenu, nisubiri."

"Maji yamepita lini?"

"Usiniulize lini, dada. Mtoe mzee."

Nakijwa alirudi mpaka katikati ya ukumbi, simu mkononi.

"Mheshimiwa Mkurugenzi, maji yanakuja. Mlimani wamepiga sasa hivi."

"Taarifa rasmi ya mto hutolewa na makao makuu," Mfalme alisema, hata miwani hakuvua.

"Makao makuu si ndiyo ninyi?"

Baadhi wakacheka.

"Basi kama ni sisi, hatujatoa taarifa. Binti, keti au toka. Pendekezo lako ndilo linalofuata."

Nakijwa akakitazama kiti chake, na makaratasi yake juu ya kiti. Kisha akayaacha, akashuka mbio mpaka kwenye vitunguu vya baba yake.

"Mkutano umekwisha mapema hivyo?" Mzee Senkondo aliuliza, ameinamia jembe.

"Baba, twende. Maji."

"Nani kasema?"

"Mndeme, wa mlimani. Amenipigia mwenyewe."

Mzee akanyoosha mgongo. Tangu azaliwe hakuwahi kusikia mlima ukisema na bonde.

"Mama yako hakupata wa kumwambia," alisema, akalitupa jembe na kumwegemea binti yake begani.

Walipanda huku wakipiga yowe, na waliowasikia wakapanda nao. Nyuma yao ikaja harufu ya tope jipya, kisha mngurumo kama wa malori yanayoteremka bila breki. Nakijwa hakugeuka. Aliogopa akigeuka atamwona mama yake.

Juu ya kilima waliwakuta watu wa suti, wengine miguu mitupu. Maji yalikuwa yamegonga hodi ukumbini, yakalibeba kapu na simu zote. Iliyosalia ilikuwa moja, ya Nakijwa.

Mfalme akamsogelea, suruali imelowa hadi magotini.

"Mwanangu, mpigie yule wa mlimani. Muulize kama kuna mengine yanakuja."

"Subiri kwanza, mkubwa," Mzee Senkondo akasema. "Si mpaka apitie makao makuu?"

Hapo hakucheka mtu. Mzee akaichukua simu kwa binti yake, akaiweka kwenye kiganja cha Mfalme na kumfumba vidole.

"Mpigie mwenyewe," alisema. "Njia ya jirani haipiti kwa mfalme."

Mwaka uliofuata kikao cha Nakijwa kilikubaliwa. Aliyekifungua ni Mfalme, kwa hotuba. Wakubwa ndivyo walivyo, hata kilio chako watakufungulia wao. Lakini ng'ambo ya mto, ambako yowe halikufika siku ile ya maji, watu walizikwa. Simu walikuwa nazo. Mndeme hakuwa na namba ya hata mmoja wao.

Na ninyi mliocheka, huko juu mna namba ya nani? Itafuteni leo. Njia ya jirani haipiti kwa mfalme.