Kilemba cha Kijani cha Ferhad Bey

Inasimuliwa kwamba hapo zamani, majeshi ya Waislamu yalipoondoka nchi ya Hungaria, mwinyi mmoja aitwaye Ferhad Bey alipoteza ngome na mashamba yake yote. Akahamia mji mmoja wa Bosnia pamoja na mkewe, Bi Umihana, na binti zao wawili. Walibakiwa na farasi mmoja tu, wakawa wanalala katika zizi la kuazima, na majira ya theluji yalikuwa karibu.

Mjini humo palikuwa na shamba la wakfu lenye nyumba, ambalo hupewa sharifu aliyefikwa na shida. Na mambo ya kuhama mnayajua wenyewe: mtu akivuka mto mmoja huwa mwinyi, akivuka wa pili huwa sharifu! Wazee wawili wakamhurumia Ferhad, wakajitolea kushuhudia kuwa ni wa kizazi cha Mtume, rehema na amani zimshukie. Nyaraka zimeungua vitani, nani angebisha? Naye Ferhad, kwa dhiki aliyokuwa nayo, akanyamaza.

Wakafika kwa nakibu, msimamizi wa nasaba za masharifu. Nakibu akaweka mbele yao kilemba cha kijani, alama ya masharifu, akasema, "Wazee wangu, wekeni mikono juu ya Msahafu muape."

Haji Derwishi, mkubwa wa wale wazee wawili, akanyoosha mkono uliokunjamana kwa uzee. Ferhad akauona. Akawakumbuka wanawe waliolala katika zizi la watu, na moyo ukamuuma sana. Kisha akaushika ule mkono kabla haujagusa Msahafu.

"Maulana, asiape. Babu yangu alikuwa akipiga farasi viatu vya chuma. Ngome alipewa kwa ushujaa wake, si kwa nasaba."

"Unajua kwamba shamba litakwenda kwa mwingine?"

"Najua, Maulana. Lakini mzee huyu ana miaka themanini. Nimpeleke mbele ya Mola wake na uongo wangu mdomoni mwake?"

Haji Derwishi akalia kwa sauti.

Bi Umihana alipopewa habari, alisema, "Basi bwana, kazi ya babu si haramu." Wakamaliza baridi yote zizini, Ferhad akipiga viatu farasi wa watu, na wenye vilemba vya kijani wakimcheka.

Ndugu zangu, nasi tujiulize ni mzee gani tumemwapisha uongo ili tuitwe waungwana. Mwenyezi Mungu atusamehe.