Jina Moja la Jiko la Kwadundo

Hapo zamani, nyumba nyingi za Kwadundo zilipokuwa bado zinatumia maji ya mto, palikuwa na jiko moja tu lenye bomba. Jiko hilo lilikuwa sokoni, nyuma ya wauza machungwa. Ndani yake palikuwa na sinki la kauri, jeupe, refu kiasi cha kumlaza mtoto wa miaka mitano, lililotolewa katika nyumba ya meneja mmoja wa mkonge alipohama.

Wanawake watatu walipika humo. Wa kwanza aliitwa Mwanakombo binti Singano. Wa pili aliitwa Perusi Mntambo. Wapo waliomwita Perisi, lakini jina alilobatizwa ni Perusi. Wa tatu aliitwa Tatu binti Shebuge, kwa kuwa alizaliwa Jumatatu, wala si kwa kuwa wa tatu; kwao alikuwa wa kwanza. Waliwapikia wachukuzi wa machungwa wali wa nazi, maharagwe na samaki, na kazi hiyo ndiyo iliyowalisha wao na watoto wao.

Ufunguo wa jiko ulikuwa kwa Bwana Soko, Aloisi Kihiyo. Bwana Kihiyo alikuwa na shemeji yake, Zefania, na Zefania alilitaka jiko lile liwe ghala lake la machungwa.

Mwanakombo ndiye aliyelitunza sinki. Kila alfajiri alichekecha jivu, akakata ndimu, akachukua kipande cha kumbi la nazi. Akasugua ukingo, akasugua pembe, akasugua tundu. Alipomaliza alimwaga maji ya moto, kisha akalifuta sinki kwa kitambaa kikavu, maana maji yakiachwa yakauke yenyewe, alisema, yanaacha alama. Sufuria lenye masizi halikuruhusiwa kugusa kauri ile, lilisuguliwa uani. Hakuna aliyemwagiza. Alifanya hivyo miaka mitatu, mpaka viganja vyake vikapasuka.

Siku moja Bwana Kihiyo aliwaita wote watatu. Aliwaambia kuwa Bwana Afya atakuja Ijumaa kukagua. Sinki likikutwa chafu, au maji yasiposhuka, jiko litafungwa na Zefania atapewa. Likipita, jina la mwanamke mmoja litaandikwa kwenye kibao juu ya mlango. Huyo atashika ufunguo, na wengine watapika kwa idhini yake. Perusi aliuliza kwa nini yasiandikwe majina matatu. Akajibiwa kwamba sheria inataka mtu mmoja wa kuulizwa.

Alhamisi asubuhi sinki likagoma. Mwanakombo alikuwa amekwisha kulisugua na kwenda nyumbani kupumzika. Perusi akafungulia maji, maji yakapanda. Akafunga, yakabaki pale pale, na mafuta ya samaki yakielea juu.

Perusi akaenda kwa Bwana Soko. Bwana Soko akasema fundi wa bomba atatoka Tanga Jumatatu.

"Jumatatu, na ukaguzi ni kesho?" Perusi akauliza.

"Jumatatu. Na mwanamke atakayegusa bomba la serikali, asipike tena katika soko hili."

Perusi akaondoka. Alikwenda kwa fundi baiskeli, akaazima spana. Akaweka ndoo chini ya kiwiko cha bomba, akafungua nati, akaingiza mkono mpaka karibu na kiwiko chake mwenyewe. Akatoa bonge moja jeusi, kubwa kama kiota cha ndege.

Akalifumua bonge lile uani, Tatu akitazama. Lilikuwa na nini? Lilikuwa na usumba, zile nyuzi za kumbi la nazi. Nyuzi mbili leo, nyuzi tatu kesho, kwa miaka mitatu, zikishuka tunduni kila Mwanakombo aliposugua. Na juu ya usumba palikuwa na machicha, yale mabaki ya nazi iliyokwisha kukamuliwa, yameshikana kwa mafuta. Machicha yalikuwa ya Perusi. Yeye ndiye aliyekuwa akiling'oa chujio la tundu kila siku ya haraka, maana lilimchelewesha, na kumwaga bakuli zima humo humo. Alijua. Aliyatazama, akayatupa shimoni, akaosha kiwiko kwa maji ya moto na sabuni ya mche, akazungushia katani kwenye nati, akakaza. Maji yakashuka kwa sauti ya mtu anayekunywa chai kwa haraka.

Habari ikamfikia Bwana Kihiyo. Adhuhuri akaja na Zefania na vibarua wawili wenye mtaimbo. Alisema bomba limechezewa, sinki ni bovu, na linang'olewa sasa hivi. Perusi akasimama na spana yake, lakini vibarua walimpita.

Hapo ndipo Tatu alipoingia katika habari hii. Ni lazima isemwe wazi: katika miaka yote mitatu Tatu hakuwahi kuliosha sinki lile hata mara moja. Alikula, akaacha sahani ukingoni, akaenda zake. Mwanakombo aligomba mpaka akachoka. Siku hiyo Tatu aliweka mwiko chini, akapandisha khanga, akapanda ndani ya sinki, akakaa. Naye alikuwa mtu wa mwili.

"Bi Tatu, teremka," akasema Bwana Kihiyo.

"Ling'oeni na mimi humu humu. Kisha mnipeleke kwa mume wangu, mwambieni mmemletea chombo."

Vibarua wakacheka, na aliyeshika mtaimbo akauegemeza ukutani. Bwana Kihiyo akasema ataandika jina lake kwenye kitabu cha wakaidi.

"Andika vizuri, Bwana Soko. Tatu binti Shebuge. Na uandike kuwa nimekaa, sikusimama."

Akaletewa uji, akaunywa mle mle sinkini. Alikaa mpaka adhana ya alasiri, vibarua wakachoka, wakaenda zao, na Zefania akawafuata. Lakini Tatu aliposhuka, ulionekana ufa mwembamba kama unywele, kutoka ukingoni hadi tunduni. Chini yake tone likaanguka. Likaanguka la pili.

Ijumaa Bwana Afya akaja. Alipitisha kidole pembeni mwa sinki, kidole kikatoka kisafi. Akafungulia maji, yakashuka. Akauona ufa, akainama, akautazama sana. Mwisho akasema sinki limepita, ila ufa uzibwe kwa saruji nyeupe ndani ya siku saba. Kisha akafungua kopo la rangi, akauliza jina la kuandika.

Wanawake wale walimsihi aandike matatu. Alisema, kwa upole, kwamba kibao ni cha jina moja na yeye hakuitunga sheria. Bwana Kihiyo, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaongeza kuwa jina lisipopatikana kabla ya chakula cha mchana kupakuliwa, basi jiko halina mwenyewe, na lisilo na mwenyewe atapewa Zefania.

Mwanakombo akasema kwanza. "Bwana Afya, kidole chako kimetoka kisafi. Ni nani aliyekisafisha? Hawa walikuwa wamelala. Miaka mitatu nimeamka kabla ya jogoo kwa ajili ya sinki hili. Kufungua nati ni kazi ya asubuhi moja. Kukaa ni kazi ya mchana mmoja, na hata kuku anaweza."

"Umelisugua mpaka ukaliziba, shoga," akasema Perusi. "Sinki jeupe lenye maji yaliyosimama ni bakuli tu. Mimi nilikatazwa, nikaambiwa nitafukuzwa, nikaingiza mkono. Nisingeingiza, leo Bwana Afya angekuta nini?"

"Angekuta machicha yako," akasema Mwanakombo.

"Angeyakuta. Sikatai. Niliyatia mwenyewe, nikayatoa mwenyewe. Wewe usumba wako nani aliutoa?"

Tatu alikuwa akifunga khanga yake. "Mmelisugua, mmelizibua, sawa. Walipokuja na mtaimbo, weupe wake ungewazuia? Spana iliwazuia? Mngekuwa leo mnagombania tundu la ukutani. Mimi sikulipenda sinki hili hata siku moja, na bado ndimi niliyelikalia."

"Na ukalipasua," wakasema wenzake kwa pamoja.

"Limepasuka, lakini lipo."

Bwana Kihiyo akasogea, akasema kwa sauti tamu kwamba kwa kuwa wameshindwa, yeye yuko tayari kuwachagulia. Wote watatu wakageuka wakamtazama.

"Wewe ulilitaka life," akasema Mwanakombo. "Leo hulitafutii mlezi."

"Nifukuze kwanza kwa kugusa bomba," akasema Perusi. "Ukishindwa, kaa kimya."

Tatu akampita Bwana Kihiyo, akatoka mlangoni. Wachukuzi wa machungwa walikuwa wamekaa uani na sahani zao, zaidi ya ishirini, wanangoja. Akawaambia kwamba jiko ni la wanaokula humo, si la shemeji ya mtu, na kwamba wao ndio watakaoamua.

"Na hakuna atakayepakuliwa," akasema, "mpaka jina litajwe."

Wachukuzi wakaanza kubishana. Mmoja akasema Mwanakombo. Mwingine akasema Perusi. Wa nyuma kabisa wakapiga sahani zao, wakasema Tatu. Wali ukawa unapoa. Bwana Afya alikuwa juu ya ngazi, brashi mkononi, rangi imekwisha kushika ncha, na Bwana Kihiyo alikuwa akitazama jua.

Nanyi mnaosikiliza, hesabuni kuwa mmekaa uani pamoja nao, sahani tupu magotini. Mwanakombo aliyelisafisha akaliziba. Perusi aliyeliziba akalizibua. Tatu ambaye hakuliosha kamwe akalilinda, akalipasua. Jina ni moja, na wakati ni mfupi. Je, nani alistahili kuandikwa?